Kona ya Gemu: Kompyuta imenichomekea mji jangwani, ilikuwa inawaza nini?

Haya wadau, safari hii meseji karibu zote ni za mada moja, yani watu wa gemu za zamu, hizi za kuanza na mji mmoja mpaka unatawala dunia, wote mnalia na kitu kilekile: miji ya kompyuta. Inajengwa wapi, kwanini pale, na kwanini hasa pale ulipokuwa unapapigia mahesabu wewe. Nimechagua chache, za kuomba chiti za pesa nimezipita, twende.

SWALI (msomaji wa Tabata Segerea): Kaka habari za kazi. Mi nacheza Civilization VI kwenye laptopu ya mshkaji, levo ya kati tu sio ile ya wababe. Kila nikicheza inatokea hii, nimejenga miji yangu mitatu vizuri, katikati nimeacha nafasi nasubiri setla (yule mhamiaji wa kuanzisha mji) wa nne atoke, ghafla namuona setla wa kompyuta katoka huko mbali kavuka milima anapita kwangu kama hana habari, anaenda kukaa kwenye kipande cha jangwa ambacho hata mi mwenyewe nilikuwa sikitaki kiivyo, mto hakuna msitu hakuna. Hivi ile kompyuta ni chizi au inafanya makusudi kuniudhi?

JIBU: Nzuri tu kaka. Chizi sio, na habari ya kukuudhi itoe kabisa maana haijui hata kama una hasira. Kompyuta ikishapata setla haianzi kujiuliza dola yetu inaelekea wapi au jirani atajisikiaje, inachofanya ni kupita kiboksi kimoja baada ya kingine (ramani yote imegawanywa viboksi) kwenye eneo inalotafuta na kila kiboksi inakipa maksi kana kwamba mji umeshakaa pale. Vinavyozunguka vina chakula kiasi gani, uzalishaji kiasi gani, maji ya kunywa yapo, bahari ipo, kuna farasi au chuma au kitu cha anasa kama hariri, alafu inakata maksi kwa umbali na kwa hatari ya njiani. Kilichoongoza ndo kinachukuliwa, setla anaondoka. Ni kama dalali wa viwanja kule Goba bana, kila kiwanja ukikiangalia chenyewe anakuonyesha kizuri, mara kina mwinuko mara kiko karibu na maji, ila barabara itapita wapi na jirani zako wakijenga wote maji ya mvua yataelekea wapi hiyo sio kazi yake.

Sasa tuje kwenye jangwa lako. Mji kwenye Civ VI unafanyia kazi viboksi mpaka hatua 3 kutoka katikati, ukihesabu na cha katikati vinakuwa 37. Kwahiyo maksi za pale hazikutokana na kile kiboksi alichokanyaga setla, zilitokana na wale majirani 36. Alafu kuna kitu wengi hawakijui, kiboksi cha katikati ya mji kinatoa angalau chakula 2 na uzalishaji 1 hata kama chini ni mchanga mtupu, kwahiyo kukaa juu ya jangwa lenyewe sio hasara, wachezaji wazoefu wanafanya hivyo makusudi ili kiboksi kizuri kibaki kwa ajili ya shamba. Hapo kompyuta ilikuwa sahihi na we ulikuwa unaidharau bure. Ilipochemka ni kwenye maji: mji wenye maji ya mto au ziwa unaanza na nafasi ya makazi 5, wa pwani 3, mkavu kabisa 2, kwahiyo ule mji utadumaa na watu wake wawili watatu mpaka wajengewe mfereji.

Kwanini ilienda sasa? Sababu kubwa ni kwamba sehemu nzuri zilikuwa zimeisha. Setla ameshatengenezwa, mji uliomtoa umeshapoteza mtu mmoja, gharama imelipwa, na hakuna sehemu kwenye hesabu inayosema tukikosa pazuri turudi nyumbani, inachukua bora ya zilizobaki hata kama bora yenyewe ni mbovu. Na mara nyingine setla alitoka akiwa na safari ya sehemu nyingine kabisa, akiwa njiani mtu mwingine akaiwahi, akapiga hesabu upya kutokea pale aliposimama, na aliposimama ni mlangoni kwako.

Na we pia ulimwachia nafasi. Sheria ya Civ VI inataka viboksi 3 katikati ya mji na mji, sasa kama ulitawanya miji yako mpaka pakabaki pengo linaloingia mji kihalali, kompyuta italiona tu, labda sio leo ila zamu ya 60 italiona. Suluhisho la bei rahisi ni kusimamisha askari. Mlinzi mmoja akisimama kwenye kile kiboksi au kwenye njia nyembamba ya mlimani, setla wa mtu mwingine hawezi kumpanda kichwani, atazunguka mpaka achoke. La pili, mipaka huwa wazi kwa kila mtu mwanzoni mpaka utakapofungua hatua inayoitwa Early Empire kwenye mti wa utamaduni, wengi wanaiacha nyuma sana af wanashangaa watu wanakatiza sebuleni.

La tatu, kama una nyongeza ya Rise and Fall ya Februari 2018 au zilizofuata, tulia tu. Kuna kitu cha uaminifu pale, mji unaanza na 100, na kila raia aliye ndani ya viboksi 9 anavuta kuelekea dola yake, mvuto unapungua asilimia 10 kwa kila kiboksi cha umbali. Sasa hesabu mwenyewe, we una miji mitatu yenye watu watano watano pembeni, yeye ana mji wa mtu mmoja na nyumbani kwao ni mbali, atadumu zamu ngapi? Atamtuma gavana labda, gavana anaongeza 8 kila zamu na hapo inaweza kuchukua muda, ila ukifika 0 unakuwa mji huru, na mji huru uliozungukwa na watu wako mara nyingi unaishia kuja kwako bila kurusha mshale. Mi hapo namwacha ajenge kabisa, anikuzie.

SWALI (kijana wa Mbagala Rangi Tatu): Shikamoo anko. Kwani kompyuta inapiga chabo? Mana inajua chuma kilipo kabla hata hatujagundua chuma.

JIBU: Marahaba mwanangu. Inategemea gemu, na levo.

Wazee wa Civ III ya mwaka 2001 wanakumbuka ule ugonjwa, setla wa kompyuta walikuwa wanamiminika kujaza kila kona ya ramani mpaka kwenye barafu, unacheka leo, baadae sana mafuta yanatokea na kwenye gemu ile mafuta yanakaa jangwani na kwenye ardhi ya baridi, basi yule uliyemcheka ndo anauza. Sasa hapo huhitaji chabo kuelezea, mtu akijaza kila kipande cha ardhi lazima vingine viwe na mali chini. Kwahiyo kabla hujasema inaibia angalia kwanza kama haikuwa bahati ya mwenye vingi.

Kwenye Civ VI watu wanadhani levo ya juu kompyuta inakuwa na akili zaidi, hapana, inapewa mtaji. Deity, ile ya mwisho, kila kompyuta inaanza na masetla 3 we una 1, na inaongezewa asilimia kwenye uzalishaji na dhahabu na mengine. Hesabu ya wapi mji ukae ni ileile ya levo rahisi. Ndo maana kwenye Deity sehemu zote nzuri karibu na wewe zinaisha mapema kinoma, sio kwamba inachagua vizuri, inachagua kabla yako mara tatu.

Af kuna upande wa pili unafurahisha, Freeciv ile ya bure, levo zake rahisi zimefungwa kwa makusudi, mojawapo ya vifungo ni kwamba kompyuta haitaki kuwa kubwa sana kukuzidi wewe, yani inaona kiwanja kizuri, setla anaweza kumtengeneza, inajizuia. Na levo ya juu kabisa wameiita jina lake halisi, ya kuibia, hawakuficha. Mi naipenda adabu hiyo, gemu ikuambie kabisa.

SWALI (msomaji wa Ukonga): Bro sina kompyuta nina simu tu ya kawaida na bando la kuunga, naweza cheza hizi gemu?

JIBU: Unaweza. Tafuta Unciv, ni ya bure, nyepesi, imeigwa kwa kufuata sheria za Civ V, michoro ni ya kawaida sana usitegemee urembo, ukishaidaunlodi unacheza bila intaneti. Freeciv nayo ipo ya simu ila vidole vyako vikiwa vikubwa utaumia kidogo. The Battle of Polytopia ni tamu na zamu zake fupi unamaliza kwenye daladala, ila pale mji huanzishi popote, unateka vijiji vilivyokuwepo, kwahiyo hili tatizo tunaloliongea leo pale hulikuti.

SWALI (dada wa Kigamboni): Habari kaka, mimi nafundisha historia sekondari na wanafunzi wangu wa kiume hawaongei kingine zaidi ya hii gemu, juzi wamebishana darasani, je kompyuta ikipewa ramani ya dunia halisi na ikaanzia huku kwetu, mji ingeuweka Dar es Salaam au Bagamoyo? Wameniuliza mimi nikasema nitauliza. Naomba nijibu vizuri nisiaibike.

JIBU: Habari nzuri dada, na shikamoo yako naidai maana umenipa swali la maana kuliko wote.

Kwanza uwachekeshe kidogo. Mzingo wa dunia kwenye Ikweta ni kama kilomita 40,000. Chukua ramani ya gemu yenye viboksi 100 kwa upana, kila kiboksi kinabeba kilomita 400. Dar mpaka Bagamoyo ni kama kilomita 70. Kwahiyo Dar, Bagamoyo, Unguja, Morogoro na Tanga vyote vinaweza kuingia kiboksi kimoja na nafasi ikabaki. Ubishi umeisha, wote wameshinda.

Lakini tuseme tumechora ramani ya pwani yetu peke yake, kubwa, kila kiboksi kilomita 5 hivi. Hapo ndo utaona kompyuta inavyopofuka. Bagamoyo miaka ya 1800 ndo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka bara, pembe na watumwa na kila kitu kilishukia pale kuvuka kwenda Unguja, na kuna mto Ruvu karibu unaingia baharini. Kwa hesabu ya maksi Bagamoyo ina pwani, ina mto, ina ardhi ya kulima. Mzizima, yani hapa kwetu kabla hapajaitwa Dar, kilikuwa kijiji cha wavuvi. Kompyuta ingesoma: pwani ipo, tiki. Samaki wapo, tiki. Mto wa maana hapana. Ingekwenda Bagamoyo, mi sina shaka.

Ila Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipoanza kujenga hapa miaka ya 1860, lile Boma la Kale pale Sokoine Drive ni la enzi zake, 1866 na 1867, alichokiona hakimo kwenye tiki yoyote. Ghuba yetu ina mlango mwembamba alafu ndani inafunguka na kina ni kirefu, imekingwa na upepo, meli kubwa inaingia inatulia. Bagamoyo maji ni mafupi, jahazi linakaa ufukweni vizuri ila meli za moshi zilikuwa zinatia nanga mbali. Kwenye Civilization pwani ni pwani, kiboksi cha maji ya karibu na nchi hakina kina wala mlango, bandari unaijenga kwenye chochote kilichogusa ardhi. Jambo lililoamua hatima ya mji huu kompyuta haina hata jicho la kulionea.

Na jambo la pili ambalo ungewapa hao vijana waandike insha, Majid alifariki 1870, Barghash aliyemfuata hakuutaka mji huu, ukalala. Ukapimwa kwa maksi miaka ile ungeitwa mji uliofeli. Wajerumani wakaja 1887, mwaka 1891 makao makuu ya koloni yakahamishwa kutoka Bagamoyo kuja hapa kwasababu ya ileile bandari, reli ikaanza kujengwa kwenda bara 1905 na kufika Kigoma 1914, na Bagamoyo ikaanza kusinzia. Kiwanja kilikuwa kilekile, kilichobadilika ni aina ya meli na kitu kilichounganishwa nacho. Kompyuta inatoa maksi za leo, haina habari kwamba kesho meli zitakuwa za chuma. Waulize pia Dodoma, uamuzi wa kuhamishia makao makuu ulifanyika 1973, kwa maksi za gemu Dodoma kame ile haikai hata kumi bora, ila iko katikati, na kuwa katikati ya nchi ni hoja ya mtu anayeangalia ramani nzima.

Civ III, wakitaka kuendelea kubishana, ndo iliyokuwa inajali kitu kama hicho kidogo, maana rushwa na ubadhirifu uliongezeka kwa umbali kutoka mji mkuu, kwahiyo mahali pa mji mkuu palikuwa na uzito.

SWALI (mwanafunzi wa chuo, Kijitonyama): Mambo vipi mkuu. Nasoma kompyuta mwaka wa pili, nataka kutengeneza kigemu changu cha zamu kama projekti, ramani ya viboksi vya kawaida, sasa nimekwama kwenye kompyuta kuchagua sehemu ya mji. Nimefanya hivyo hivyo kutoa maksi ila masetla wangu wanafanya ujinga, mara wanavuka dunia nzima, mara wanabanana. Nifanyeje?

JIBU: Poa sana, na hongera, swali lako ntalijibu kwa namba maana we ni mtu wa namba.

Tuseme kanuni yako ni hii, chakula mara 3, uzalishaji mara 2, dhahabu mara 1, mto unaongeza 20, pwani inaongeza 10. Una sehemu tatu. A iko hatua 4 kutoka mji mkuu, chakula 14, uzalishaji 6, dhahabu 2, mto upo: 42 na 12 na 2 na 20, jumla 76. B iko hatua 11 huko, chakula 16, uzalishaji 9, dhahabu 4, pwani: 48 na 18 na 4 na 10, jumla 80. C iko hatua 2 tu, chakula 10, uzalishaji 5, hakuna maji hakuna kitu: 40.

Bila kukata umbali anashinda B, na huyo ndo setla wako anayevuka dunia, anafuata maksi 4 za ziada kwa hatua 11 na njiani analiwa na simba. Kata maksi 2 kwa kila hatua: A inabaki 68, B 58, C 36. Safi, anaenda A, kisha B. Sasa we ukaona bado wanaenda mbali ukakaza ukakata 5: A 56, B 25, C 30. Umeona kilichotokea? C, ile takataka, imempita B. Ndo kubanana kwako huko. Namba moja tu umeigusa na tabia ya dola nzima imegeuka, kwahiyo ukitaka kurekebisha usibadilishe vitu vitano kwa mpigo, badilisha kimoja, chezesha kompyuta peke yake raundi nyingi, angalia ramani.

Hiyo ni sehemu rahisi. Sehemu ngumu, na ndo inayozitesa hata gemu kubwa, ni hii. Chukua bonde moja. Katikati yake kuna kiboksi cha maksi 76. Kushoto kuna cha 70 na kulia cha 70, vyenyewe kwa vyenyewe vimeachana vya kutosha kwa sheria yako ya umbali ila kila kimoja kiko karibu mno na cha katikati. Kanuni ya kuchukua kilichoongoza itachukua 76 bila kufikiria, na hapohapo imeviua viwili vyenye jumla ya 140. Mchezaji binadamu anaangalia bonde kwa sekunde tatu anasema hapa vinaingia viwili, anaweka kushoto, anaweka kulia, basi. Kompyuta haikukosea hesabu hata moja, kila hatua yake ni bora, jumla ndo mbovu. Lile pengo la yule kaka wa Tabata na hili ni tatizo moja limevaa nguo tofauti.

Utasema basi ipange miji yote kwa pamoja. Jaribu: sehemu 30 zinazofaa, unataka 5, mpangilio unaowezekana ni 142,506, na hiyo ni kompyuta moja kabla ya kuwaza majirani watafanya nini, sasa una kompyuta nane na mchezaji amekaa anasubiri zamu yake irudi. Ndo maana watu wanaishia njia ya mkato, na we fanya hivyohivyo: kila sehemu ipe maksi zake, alafu toa kiasi, tuseme nusu, ya maksi za sehemu nzuri itakazoziua ikijengwa. Kwenye bonde letu, 76 toa nusu ya 140 inabaki 6, zile za pembeni kila moja inaua ya katikati tu, 70 toa 38 inabaki 32. Anaenda pembeni. Mistari michache tu ya ziada na setla ghafla anaonekana ana busara.

Mambo mengine mawili haraka. Setla akishaondoka usimpigie hesabu upya kila zamu, utamuona anaenda kushoto anarudi kulia anaenda kushoto mpaka gemu inaisha, mwache na safari yake mpaka sehemu ichukuliwe au njia izibwe. Na ongeza bahati nasibu kidogo kwenye maksi, asilimia chache, la sivyo kila mechi kwenye ramani ileile itakuwa kopi.

Ukitaka kusoma iliyofanywa na wengine, Freeciv programu yake iko wazi kwa kila mtu, ilianzishwa na wanafunzi watatu wa chuo kikuu cha Aarhus kule Denmark mwishoni mwa 1995, wanafunzi kama wewe, tafuta faili la daisettler.c humo ndani usome taratibu. Civ IV nayo walitoa programu ya ndani ya gemu mwaka 2006 ili watu waibadilishe, humo kuna kipande kinaitwa AI_foundValue ndo hichohicho cha maksi, na utachoka mwenyewe kwa vijisheria vilivyomo, vya pwani, vya mto, vya kuhesabu viboksi vibovu. Soren Johnson, aliyeongoza ubunifu wa Civ IV na kuandika akili ya kompyuta ya Civ III, alitoa mada mwaka 2008 kwenye mkutano wa watengeneza gemu San Francisco, hoja yake kubwa ni kwamba kompyuta kwenye gemu za aina hii kazi yake ni kupoteza kwa namna inayomfurahisha mchezaji. Mi nakubaliana nae nusu. Nakubali kompyuta isiwe mashine ya kutunyoosha, lakini mji kwenye jangwa kavu katikati ya miji yangu haunifurahishi, unanifanya nijisikie nacheza na mlevi.

Na uangalie alichofanya jamaa huyohuyo baadae. Old World, ya studio yake, 2021, sehemu za miji zimeshachorwa kwenye ramani, setla anaenda kwenye moja ya hizo au haendi popote, nyingi kwanza unawatoa makabila waliokaa. Endless Legend ya 2014 na Humankind ya 2021 wao wamegawa ramani kwa majimbo, jimbo moja mji mmoja. Yani badala ya kuifundisha kompyuta kujibu swali gumu walilipunguza swali lenyewe, kompyuta haiwezi kuaibika tena kwasababu haina pa kuaibikia. Kwa projekti ya muhula mmoja, mdogo wangu, mi ningefanya hivyo alafu muda uliobaki niutumie kwenye vita, ila kama mwalimu wako anataka kuona hesabu mpelekee lile bonde.

SWALI (msomaji wa Temeke, hakuandika zaidi): Civ 4 vile viduara vya bluu nivifuate?

JIBU: Vile vinavyokuonyesha pa kuweka mji, mji wa kwanza na wa pili vifuate, haviwezi kukupoteza sana. Ila ujue vinatoka kwenye hesabu ileile ya maksi ninayoisema hapo juu, kwahiyo kuanzia mji wa tatu vitumie kinyume, setla wako mpeleke mpakani mchague kisha angalia kiduara kinatokea wapi upande wa jirani, mara nyingi ndo hukohuko setla wake anakowaza. Wahi wewe. Na usisahau Civ IV kila mji unaoongeza unapandisha matumizi ya miji yote, ukiwahi vitatu kwa mpigo hazina inakauka na utafiti unalala, kwahiyo wahi kile cha njia nyembamba tu, vingine muachie ajaze mwenyewe.